Viatu Vilivyotazama Mlangoni

Mimi ni mtu wa kununa. Nalisema mapema ili asije mtu akanionea huruma bure. Wenzangu wakiudhika hupiga kelele, yakaisha. Mimi hufunga mdomo, nikafanya kazi zote vizuri kuliko siku nyingine, nikafagia, nikapika, nikaosha vyombo mpaka vikang'aa, na wakati wote huo ninamhukumu mtu kimoyomoyo. Marehemu mama yangu alikuwa akiniambia kwamba ipo siku nitanuna halafu nikose wa kunibembeleza. Nilikuwa namcheka.

Nina mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, pale malori yanapoegeshwa. Napika wali, maharage, ugali na nyama, na asubuhi chai na chapati. Nyani wa hifadhini wanaujua mgahawa wangu kuliko bwana afya. Mtoto nilipata mmoja tu, wa kike. Alipofikia umri wa shule nilimpeleka Kilosa kwa mama yangu, kwenye nyumba ya babu yangu aliyekuja zamani kufanya kazi ya reli na hakurudi tena kwao. Binti yangu akasoma, akawa mwalimu, na serikali ikampangia shule ya sekondari hukohuko Kilosa. Hapo ndipo alipokutana na Mjapani.

Alikuwa kijana mwembamba aliyekuja kwa miaka miwili kujitolea kufundisha hisabati. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Shikamoo aliitoa huku ameinama mpaka kiunoni. Siku alipoletwa kwangu mara ya kwanza alinikabidhi boksi la biskuti kwa mikono miwili, limefungwa karatasi juu ya karatasi. Mimi nikalichana palepale, nikatafuna moja mbele yake, nikasifia. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye akaniambia kwamba kwao zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta, unasubiri aondoke. Nikamjibu kwamba kwetu mtu akikuletea chakula usipokionja atadhani umemwogopa uchawi. Tulicheka sana siku ile. Yule kijana naye alicheka, ingawa sidhani kama alielewa tunacheka nini.

Posa ililetwa, wazee wa Kilosa wakaipokea, ndoa ikafungwa kanisani, na mwaka uliofuata mkwe wangu akamchukua mke wake wakaenda kwao. Ulikuwa mji mdogo, mbali na ile miji mikubwa tunayoiona kwenye televisheni. Waliishi nyumba moja na mama yake, mjane, kwa kuwa naye alikuwa na mtoto mmoja tu kama mimi. Nilisema sawa. Nililia jikoni na nikasingizia vitunguu, na wasichana wangu wa kazi wakajifanya wameamini.

Kisha ikaja habari ya ujauzito. Kwetu binti akizaa mtoto wa kwanza mama yake ndiye anayemuuguza. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anambeba mtoto ili mzazi alale, mpaka siku arobaini ziishe. Sikuhitaji kualikwa. Lakini lilikuwapo fundo moja. Kwetu mama hafiki kwa mkwe wake wa kiume akalala. Unaweza kwenda, ukakaa barazani, ukanywa maji, lakini kulala unalala kwa jirani au kwa ndugu, maana mkwe ni wa kuheshimiwa na heshima yenyewe ni kutokuzoeana. Mama yangu mzazi hakuwahi kulala kwangu hata siku moja wakati mume wangu yu hai.

"Sasa mimi huko nitalala wapi?" nikamuuliza binti yangu kwenye simu.

"Mama, utalala hapa. Huku hakuna jirani wa kumwazima chumba. Na mama mkwe ameshakutandikia."

Nikakubali, ila moyo ulikuwa nusu umekwenda nusu umebaki. Nilipanda ndege nikiwa tayari kuona kosa kwenye kila kitu, kama mtu aliyeingia harusini bila kujua kama amealikwa.

Kabla ya safari binti yangu alinifundisha. Alikuwa ananitumia sauti kwenye simu, moja moja, karibu kila siku mchana, kwao ikiwa jioni. Nilikuwa naiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nakata vitunguu, naye anaongea. Mama, kwenye treni watu hawaongei na simu, izime mlio kabisa. Mama, ukila hotelini usimwachie mhudumu hela ya soda, atakukimbiza barabarani akurudishie. Mama, usitembee huku unatafuna. Mama, usipenge kamasi mbele za watu. Vijiti vya kulia usivichomeke vikasimama kwenye wali, hayo ni mambo ya msiba. Kitu ukipewa pokea kwa mikono miwili, hata kama ni kikaratasi. Madereva waliokuwa wanakula walikuwa wanasikiliza wote. Mmoja, mtu mzima anayepeleka mizigo Zambia, akaweka kijiko chini.

"Mama, samahani. Huko unakwenda kutembea au unakwenda jeshini?"

Mgahawa mzima ukacheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa naona fahari. Mwanangu, niliyemfunza mimi kusema shikamoo kabla hajaota meno yote, sasa ndiye ananifunza mimi adabu.

Sauti ya mwisho ilikuwa ndefu. Sehemu ya kwanza alizungumzia takataka. Plastiki zina siku yake, karatasi zina siku yake, makopo yaoshwe kwanza ndipo yatupwe. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Malori matatu yakaegesha kwa mpigo, watu wanane wanataka ugali, nami nikaikata sauti katikati, nikasema nitamalizia baadaye. Kesho yake akaniuliza:

"Umesikiliza zote?"

"Zote," nikasema.

Nilifika mwezi wa pili, wiki mbili baada ya mtoto kuzaliwa. Baridi ya kule ni ya kukuingia kwenye meno. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mdogo, mwenye mvi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Nikamwambia shikamoo, kwa sababu mkubwa ni mkubwa popote alipo. Akainama. Nami nikainama. Akainama tena zaidi, nami sikutaka kushindwa. Tungeendelea hivyo mpaka tuanguke, ila akatamka polepole neno alilofundishwa na mwanawe: "Marahaba." Nikamkumbatia. Alikauka kama ubao, kisha akanipigapiga mgongoni kidogo. Nikavua viatu vyangu pale chini mlangoni, nikapanda ndani.

Mjukuu alikuwa wa kike, ana nywele nyingi zilizosimama na macho ya baba yake na paji la uso la mama yangu. Nilipomshika mara ya kwanza nilisahau fundo langu lote. Kwa siku mbili tatu nilikuwa mtu mwema.

Makosa niliyafanya, tena mengi. Chooni kuna ndala zake za chooni, haziruhusiwi kutoka. Mimi nikatembea nazo mpaka sebuleni, nikakaa nazo mbele ya picha ya marehemu mume wa yule mama. Hakusema kitu. Alizitazama tu. La kuoga ndilo lililokuwa kubwa zaidi. Kule wanajiosha kwanza pembeni, wakishatakata ndipo wanaingia kwenye beseni kubwa la maji ya moto kujipasha, na maji yaleyale wanaingia wote kwa zamu. Mgeni ndiye anayetangulia. Binti yangu aliniambia, na kwenye sauti alishaniambia pia. Lakini nilipomaliza nikayatazama yale maji nikaona aibu. Nimwachie mama wa mkwe wangu maji niliyolala ndani yake? Kwetu hilo ni tusi. Nikachomoa kizibo, nikayamwaga yote, nikasugua beseni likawa jeupe, nikatoka nimejisifu. Familia nzima ikakaa inasubiri maji yajae na yachemke upya. Yule mama akaniinamia akasema maneno ya upole. Binti yangu akatafsiri kwamba anashukuru kwa kusafishiwa beseni. Nilijua kuna zaidi ya hapo. Nikaanza kumtafutia kosa, nikasema moyoni kwamba huyu mwanamke ananihesabia na hasemi.

Siku ya tatu nilitoka kidogo uani kuanika nguo, nikarudi, nikavua viatu, nikaingia. Baada ya muda nikataka kutoka tena. Viatu vyangu vilikuwa vimegeuzwa. Niliviacha vinatazama ndani, kama anavyoviacha mtu aliyeingia. Sasa vilikuwa vimepangwa sawasawa, kisigino kwa kisigino, vinatazama nje.

Labda mtu mwingine asingeona kitu. Mimi nililelewa na bibi aliyekuwa na njia zake za kumwondoa mgeni aliyekawia. Hakuwa anasema neno. Alikuwa anamchukulia mgeni fimbo yake akaiegemeza mlangoni, anamgeuzia viatu vyake vikaelekea njiani, na mgeni mwenye akili anaelewa, anaaga. Nilisimama pale na nguo za mtoto mkononi, masikio yanawaka. Nikasema, haya, nimeambiwa. Nimelala kwa mkwe, nimemwaga maji ya watu, na sasa nimeonyeshwa njia.

Nikavigeuza vikatazama ndani. Jioni nikavikuta vinatazama nje. Nikavigeuza tena. Kesho yake, nje. Hivyo ndivyo tulivyoishi, watu wazima wawili tunapigana kwa viatu na hakuna aliyefungua mdomo. Mezani ananiinamia, namwinamia. Ananiwekea samaki mzuri kwenye sahani yangu, nasema asante. Nikitoka mlangoni, viatu vinanionyesha barabara.

Kwa nini sikumuuliza binti yangu? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko sala nilizosali. Ingekuwa sentensi moja. Angecheka, angenikanyaga mguu. Lakini nilisema moyoni kwamba simgombanishi mwanangu na mama mkwe wake, yeye ndiye atakayebaki pale. Nilijiona mwenye busara. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshanuna, na mtu aliyenuna hataki kuelezwa.

Na wakati nahangaika na viatu, miguu ya mwanangu ilikuwa inavimba. Nilikuwa namkanda kila asubuhi, namimina maji ya moto, nabonyeza taulo, na nikibonyeza mguu kidole kinaacha shimo. Akipanda ngazi anasimama katikati kuvuta pumzi. "Ni uzazi huo," nikamwambia, "utapoa." Nimeuguza wazazi wengi, nilijua kutazama. Lakini nilitazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa mlangoni.

Siku ya kumi na mbili nikasema narudi nyumbani. Nilisingizia mgahawa, kwamba msichana niliyemwachia amenitumia ujumbe mambo yanaharibika. Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Akanitazama.

"Mama, umesema arobaini."

"Biashara haijui arobaini."

"Kuna mtu amekuudhi?"

"Nani aniudhi? Wamenipokea vizuri."

Akainamisha kichwa kwa mtoto. Alinijua. Hakuendelea kuuliza, kwa sababu tangu utotoni alijua kwamba nikiwa hivyo kuuliza kunaongeza.

Asubuhi ya kuondoka mkwe wangu alinibebea sanduku kunipeleka mpaka linapoondokea basi la uwanja wa ndege, mwendo wa miguu kama robo saa. Nikavaa viatu vyangu, ambavyo bila shaka vilikuwa vinatazama nje. Nilitegemea binti yangu atafunga khanga mgongoni, ambebe mtoto, anisindikize japo nusu ya njia. Kwetu hata mtu aliyekuja kuomba chumvi anasindikizwa. Nilitegemea yule mama naye atavaa kandambili atoke. Hakutoka hata mmoja. Walisimama mlangoni pamoja, wameinama. Nikasema ndani yangu, kumbe ni hivyo, nimetolewa nje na mlango unalindwa.

Barabara yao ilikuwa nyembamba na imenyooka, halafu inakata kushoto kwenye ukuta wa mawe. Nilitembea nimenyoosha shingo. Nilisikia sauti ya binti yangu ikiita "Mama!" mara moja. Sikugeuka. Nilifika kwenye ule ukuta, nikakata kushoto, nikaendelea.

Nilirudi Mikumi. Tukaendelea kupigiana simu, lakini nilikuwa namjibu kwa mkato, namjulia hali mtoto, naaga. Aliniambia anachoka. Kisha akaniambia anakwenda kupimwa. Kisha mkwe wangu akawa ndiye anayepiga, na Kiswahili chake cha pasi kikawa kimekunjamana. Madaktari walisema moyo wake umetanuka, kwamba huwapata baadhi ya wanawake wakishazaa. Nilianza kushughulikia safari upya. Bado karatasi zangu ziko ofisini Dar es Salaam, mwezi wa sita, asubuhi, nikiwa nageuza chapati, simu ikaita.

Msiba tuliuweka Kilosa, kwenye nyumba ya babu, msiba usio na maiti. Watu walikuja, wakatandika mikeka, wakapika, wakaimba, na mbele yetu palikuwa na picha tu. Wajapani hawaziki kama sisi. Sitalisema lile neno kwa mwanangu, mwenye kuelewa ameelewa. Kila aliyeingia alikuwa ananishika mkono, "pole mama, pole sana", na macho yake yanatafuta jeneza. Mimi mwenyewe nilikuwa nalitafuta.

Baada ya matanga nikarudi kwenye mgahawa, na ikawa kazi yangu kusikiliza zile sauti. Naanzia ya kwanza, naegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Treni. Hela ya soda. Kamasi. Madereva safari hii walikuwa wanakula kimya, na yule wa Zambia akatoka nje na sahani yake. Nikafika kwenye sauti ya mwisho. Kile kidoti kinachoonyesha sauti imefika wapi kilikuwa kimesimama katikati, pale nilipokiacha. Nikabonyeza.

"...na makopo uyaoshe kwanza. Haya, mama, ya mwisho hii, usicheke. Ukivua viatu mlangoni, ukirudi utavikuta vimegeuzwa vinatazama nje. Nakujua wewe. Usije ukanuna ukadhani unafukuzwa. Mwenye nyumba anavigeuza ili ukitoka usisumbuke, uingize mguu tu uende. Ni heshima kubwa hiyo. Na siku ya kuondoka, hatutakusindikiza kama nyumbani. Huku watu wanasimama mlangoni mpaka mgeni asionekane tena. Kwa hiyo ukifika kona, geuka. Tutakuwa bado tumesimama. Usisahau kugeuka, mama. Haya, najua umeshachoka kunisikiliza."

Chapati ziliungua zote siku hiyo. Nilifunga mgahawa mchana kweupe, nikakaa chini nyuma ya jiko, nikalia. Nilitaka mtu anipige.

Walikuja masika iliyofuata. Mkwe wangu, mama yake, na mjukuu wangu aliyekuwa ametimiza mwaka na miezi mitatu, anatembea kwa kuyumba. Walileta sehemu ya mwanangu ili apumzike na bibi yake. Ilikuwa kwenye chombo kidogo cha udongo kilichofungwa kitambaa cheupe, na yule mama alikuwa amekipakata tangu kwao, hakukiweka chini. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi, na mimi nilimzaa akiwa mzito, wanawake wote wa Mikumi walikuja kumwona.

Tulimzika Kilosa jioni ileile. Kesho yake nilikaa barazani na mkwe wangu, tumeacha nafasi kati yetu kama inavyotakiwa. Nikamwambia habari ya viatu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama yangu aliona viatu vinageuzwa ndani," akasema. "Alifurahi. Alidhani unamwambia kwamba utakaa muda mrefu. Alinunua futoni mpya kwa ajili yako, godoro lile la kulalia chini. Ulipoondoka hakuelewa."

Nikamuuliza nililokuwa naliogopa. Siku ile, mlangoni, walisimama kiasi gani?

"Mama, sitaki kukuumiza."

"Nimeshaumia. Sema."

"Mama yangu alimwambia mke wangu aingie, kuna baridi. Akakataa. Alisema, mama atageuka, labda amesahau kitu, atarudi. Miguu ilimuuma, kwa hiyo mama yangu akamletea kigoda. Alikaa hapo na mtoto mpaka niliporudi kutoka kituoni. Aliponiona niko peke yangu, ndipo akaingia."

Ndani, yule mama alikuwa anakunywa chai na shangazi yangu, wanatabasamiana kwa kukosa lugha. Viatu vyake vilikuwa hapo kwenye kibaraza, vimejaa tope la makaburini, vinatazama ndani. Nikavichukua. Nikavisuuza kwa maji ya kopo, nikavipangusa kwa pindo la khanga yangu, nikavipanga kisigino kwa kisigino, vikatazama njiani. Shangazi akatokeza kichwa mlangoni, akaona.

"We mtoto! Unawafukuza wakwe zako?"

"Shangazi, niache," nikasema.

Yule mama alipotoka akavikuta. Alisimama akavitazama, akanitazama mimi. Akashika nguzo ya kibaraza. Akaingiza miguu, bila kuinama.

Waliondoka asubuhi ya siku ya tatu. Mto Mkondoa ulikuwa umemwaga maji mpaka mtaani kwetu, gari halikuweza kuingia, likawasubiri kule mbele kwenye mashine ya kusaga, ambapo njia inakata. Ndugu na majirani wakagawana mabegi, wakashikana mikono kuruka madimbwi. Kila mtu alikuwa ananisubiri mimi nitangulie, maana mwenye wageni ndiye msindikizaji.

"Mimi nabaki hapa," nikasema, nikasimama mlangoni.

Shangazi alitikisa kichwa. Najua yaliyosemwa njiani, kwamba hata wakwe zake hakuwasindikiza, kwamba msiba umempanda kichwani. Waseme.

Nilisimama. Walikwenda polepole kwa sababu ya tope, yule mama amembeba mtoto. Walipofika kwenye mashine, akamweka mtoto chini, akageuka. Akaniinamia. Mjukuu wangu akamtazama bibi yake, naye akainama, akazidisha, akaangukia mikono kwenye tope, baba yake akamwinua. Niliinama mpaka mgongo ukalia. Nilipoinuka walikuwa bado wapo, wakainama tena. Kisha wakakata kona.

Kona ikabaki na ukuta wa mashine na kuku wawili. Nikaendelea kusimama. Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, wananipita mlangoni, wanaingia kufua mikeka na kuosha masufuria. Shangazi akaja wa mwisho, amefunga khanga magotini, miguu yote tope.

"Wameshapanda gari, wamekwenda," akaniambia. "Unasubiri nini tena hapo? Ingia ndani."

Nikamwomba aniletee kigoda.